Kompyuta Imetengenezwa na Imekufa Tena: Mwongozo wa Kudai Haki Yako Uganda

Kompyuta ikiharibika mara ya kwanza hakuna ugomvi mkubwa. Fundi anataja bei, mnavutana kidogo, unalipa. Ugomvi huanza mara ya pili. Umelipia madhabodi (ubao mkuu wa ndani), laptopu imewaka wiki tatu, kisha kioo kimekuwa cheusi kama mwanzo. Unarudi dukani na kabla hujamaliza salamu unaambiwa ni umeme, au watoto wameimwagia chai, au dhamana ilikuwa ya siku saba tu.

Mwongozo huu ni kwa aliyefika hapo, awe Wandegeya, Arua au Busia, na zaidi kwa anayetaka kuacha mashine yake kwa fundi leo. Mvutano wa mara ya pili huamuliwa na maswali matatu. Je, ni hitilafu ileile? Je, ni kipuri kilekile? Na nani amesababisha? Mwenye karatasi za kujibu maswali hayo ndiye anayesikilizwa, na karatasi hizo hupatikana siku ya kwanza, fundi akiwa bado anakutabasamia.

Sheria iko upande gani

Haki za mlaji Uganda zimetawanyika katika sheria kadhaa. Inayokuhusu zaidi hapa ni Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya 2017. Uzuri wake kwa mteja wa fundi ni kwamba inashika mambo mawili kwa pamoja, bidhaa na huduma. Kipuri ulichouziwa kinatakiwa kilingane na maelezo uliyopewa na kifae kwa kazi ambayo muuzaji anajua umekinunulia. Kazi ya mikono nayo inatakiwa ifanywe kwa uangalifu na ujuzi wa kawaida wa fundi, ndani ya muda unaoeleweka.

Tofauti hiyo ndiyo uti wa mgongo wa madai yako. Fundi anaweza kuwa amefanya kazi safi kwa kipuri kibovu, au akaharibu kipuri kizuri kwa lehemu mbaya. Ikiwa kipuri na kazi vyote vimetoka kwake, shida ni yake kwa vyovyote vile. Ikiwa kipuri ulikinunua mwenyewe William Street, Kampala, ukampelekea akifunge tu, una watu wawili wa kuwadai, na kila mmoja atamsukumia mwenzake. Kwa sababu hiyo napendelea kumwachia fundi anunue kipuri mwenyewe hata akiongeza chake juu. Kile kidogo anachoongeza ni bei ya kuwa na mlango mmoja wa kugonga.

Sheria ya pili ya kukumbuka ni Sheria ya Mikataba ya 2010. Inasema mkataba wenye thamani inayozidi pointi 25 za sarafu, kipimo cha pesa kinachotumika kwenye sheria, uwe wa maandishi. Pointi moja ni shilingi 20,000, kwa hiyo mpaka ni shilingi 500,000. Kubadilisha madhabodi ya laptopu nzuri au kioo cha Mac kunaweza kuvuka hapo kwa urahisi. Habari njema ni kwamba maandishi si lazima yawe karatasi yenye mhuri. Sheria hiyohiyo inakubali ujumbe wa kielektroniki unaoweza kurejewa baadaye, kwa hiyo mazungumzo ya WhatsApp yanayotaja kazi, bei na dhamana ni maandishi. Mazungumzo ya mdomo kaunta, hata mbele ya vijana watano wa duka, si maandishi.

Hatua ya 1: Siku ya kuacha mashine

Kabla ya kukabidhi kompyuta, nakili mafaili yako. Fundi akifuta diski kwa bahati mbaya unaweza kudai, lakini picha za harusi hazirudishwi na hakimu. Toka pia kwenye akaunti za benki na barua pepe.

Kisha piga picha: mashine ikiwa imefungwa, kibandiko cha namba ya seriali chini yake, na kasoro zilizopo, kama ufa pembeni au kitufe kilichong'oka. Kama kifuniko kinafunguka kwa urahisi, mwombe fundi akifungue mbele yako upige picha ya RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), diski na betri, namba zao zikisomeka. Wengine wataona unawashuku. Sema kwa upole, "Fundi, hii ni kumbukumbu yetu sote wawili, hata wewe itakulinda." Na kweli inamlinda, maana wapo wateja wanaoleta mashine bila RAM kisha wakadai imeibwa.

Baada ya fundi kukagua, mtumie ujumbe wa kuthibitisha. Kwa mfano:

*"Habari fundi. Tumekubaliana leo: laptopu yangu HP, namba ya seriali (iandike), haiwaki kabisa. Utabadilisha saketi ya chaji na mlango wa chaji. Vipuri ni vipya. Bei yote ni shilingi 180,000, nimelipa 100,000. Dhamana ni miezi mitatu kwa kipuri na kwa kazi. Tafadhali jibu kama ni sawa."*

Neno lake "sawa bosi" ni sahihi yake. Bei hiyo ni ya mfano. Usikubali kuondoka bila kipande cha "kwa kipuri na kwa kazi", kwa sababu mafundi wengi hutoa dhamana ya kipuri peke yake. Kipuri kikifa mwezi wa pili, wanakupa kingine bure kisha wanakutoza upya kazi ya kukifunga.

Uliza pia swali moja la kiufundi: unabadilisha au unapasha moto? Chipu inayotengeneza picha za kioo kwenye laptopu za zamani ikianza kukata mawasiliano, kuna mafundi wanaoichoma kwa bomba la hewa moto. Joto linaunganisha tena sehemu zilizoachana na kioo kinawaka, mteja anafurahi, analipa. Lakini chanzo hakijaondolewa, na baada ya wiki au miezi chipu inarudi palepale. Kupasha moto si utapeli ukiambiwa mapema na ukalipa bei ya jaribio. Utapeli ni kutozwa bei ya chipu mpya. Pata jibu lake kwa maandishi, maana mashine ikifa tena ndilo litakaloonyesha ulilipia nini.

Mashine iliyoingia maji ina kanuni yake. Kutu huendelea kula ubao hata baada ya kusafishwa, na sehemu nyingine inaweza kufa baadaye bila kosa la fundi. Mtu makini atakuambia mapema kwamba hatoi dhamana ya ubao mzima, ila ya alichogusa. Hiyo ni haki. Usimwite mwizi.

Hatua ya 2: Malipo na risiti

Lipa kwa namba ya biashara ya MTN au Airtel kila inapowezekana. Ujumbe wa malipo una tarehe, kiasi, namba ya muamala na jina la mpokeaji, na hauchakai mfukoni. Ukilipa taslimu, dai risiti yenye jina la duka, jina la kipuri na namba yake ya seriali. "Computer repair" peke yake kwenye risiti haikusaidii kitu.

Duka lililosajiliwa kwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, linapaswa kukupa risiti ya EFRIS, mfumo wa risiti za kielektroniki wa Mamlaka ya Mapato (URA). Ina msimbo unaoweza kuuhakiki, na inamtaja mfanyabiashara kwa jina lake halisi la kodi. Vibanda vingi vya mafundi havijafika kiwango cha kusajiliwa VAT, kwa hiyo kukosa EFRIS si ushahidi wa uhuni. Hapo pata angalau jina kamili la mwenye duka. Kibao cha mlangoni hakishtakiwi. Anayeshtakiwa ni mtu au kampuni. Jina la biashara linaweza kutafutwa kwenye Ofisi ya Usajili Uganda, URSB.

Hatua ya 3: Siku ya kuchukua

Usichukue mashine iliyozimwa, iliyofungwa kwenye mfuko. Iwashe dukani, ichomeke kwenye chaja, iache nusu saa. Dai kipuri kilichotolewa. Ukionyeshwa madhabodi ya zamani unajua kweli kuna nyingine ndani.

Kisha hakiki upya wa kipuri. Diski au SSD inayosemwa ni mpya ikaguliwe kwa programu ya bure kama CrystalDiskInfo, inayoonyesha saa ambazo diski imewahi kuwashwa. Diski mpya haina maelfu ya saa. Betri nayo ina siri zake: kwenye Windows fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika *powercfg /batteryreport*, na kompyuta itatengeneza ripoti yenye uwezo wa betri ilipoundwa na uwezo wake wa sasa. Vikitofautiana sana siku ya kwanza, umeuziwa betri iliyotumika. Piga picha ya matokeo hapohapo. Picha hizo mbili zina uzito kuliko mashahidi wengi, kwa sababu kifaa chenyewe ndicho kinachosema.

Hatua ya 4: Imekufa tena

Zima. Chomoa. Usifungue, na usimpelekee binamu yako "aangalie tu". Stika ambayo fundi hubandika kuziba mashine ikichanwa na mtu mwingine, umempa sababu aliyokuwa akiitafuta.

Piga picha au video ya dalili kama bado zinaonekana: taa ya chaji inayowaka na kuzima, mistari kwenye kioo, sauti za milio wakati wa kuwasha. Halafu mwandikie fundi siku hiyohiyo, kwa namba ileile ya WhatsApp: tarehe uliyochukua mashine, tarehe ya kufa, dalili, na kwamba utaileta siku fulani. Haraka hii ina sababu ya kisheria. Mnunuzi anayekaa na bidhaa muda mrefu bila kusema anaikataa anaweza kuhesabiwa ameikubali, na haki yake ya kuirudisha ikapungua hadi kudai fidia tu.

Mpe fundi wa kwanza nafasi ya kuangalia kazi yake. Najua hasira inataka uende duka la pili moja kwa moja, lakini ukifanya hivyo utatengenezewa, utalipa, na ushahidi wa kosa la kwanza utakuwa umetupwa kwenye ndoo ya duka la pili.

Hatua ya 5: Kujibu majibu ya fundi

"Ni umeme." Hili ndilo jibu la kwanza nchi nzima, na mara nyingine ni la kweli, kwa jinsi umeme unavyoyumba. Lakini lina masharti yake. Umeme wa ukutani ni volti 240, na laptopu haiupokei moja kwa moja: chaja ndiyo inayoushusha. Msukumo mkubwa ukija, chaja na saketi ya kuingizia chaji ndizo zilizo mstari wa mbele. Kwa hiyo uliza: kipuri gani kimeungua, na alama iko wapi? Chaja bado inafanya kazi? Kama kilichokufa ni waya wa kioo aliobadilisha yeye, kisingizio cha umeme hakiingii hapo. Kama kweli mtaa mzima ulipata msukumo, majirani watakuwa na vifaa vilivyoungua, na malalamiko hayo huenda kwa UEDCL, kampuni ya serikali iliyochukua usambazaji wa umeme kutoka kwa kampuni iitwayo Umeme tangu 1 Aprili 2025.

"Hii ni shida nyingine kabisa." Inawezekana. Umebadilisha RAM, sasa diski imekufa. Usimdai wa RAM. Linganisha dalili za leo na ujumbe wa siku ya kwanza. Ukiwa uliandika "haiwaki kabisa" na leo haiwaki kabisa, ni juu yake kueleza tofauti. Kuna pia hali ya katikati ambayo wateja husahau kuidai: kazi ya kwanza ndiyo iliyoua kipuri cha pili. Skrubu ndefu iliyotoboa ubao, feni iliyofungwa bila waya wake kuchomekwa, lehemu iliyomwagika. Hapo shida ni nyingine, lakini mzizi ni uleule.

"Dhamana imeisha." Angalia mliandikiana nini. Kama hamkuandikiana chochote, wajibu wa uangalifu na ujuzi haukuzaliwa na dhamana ya duka. Umo ndani ya sheria. Kazi iliyovunjika siku ya kumi haiwi nzuri kwa sababu stika ilisema siku saba, ingawa kadiri muda unavyopita ndivyo inavyokuwa vigumu kwako kuthibitisha. Kipuri kilichobadilishwa ndani ya dhamana, je, kinaanza dhamana mpya? Hilo ni la kukubaliana, na liandikwe mara hii ya pili.

"Bidhaa ikishauzwa hairudishwi." Maneno haya yamechapwa chini ya risiti za nusu ya Kampala. Yana maana kwa mteja aliyebadili mawazo kuhusu rangi ya kipanya. Usiyaache yafunge mazungumzo kuhusu kipuri kilichokuja kibovu au kazi iliyofanywa ovyo.

Mkikwama kwenye chanzo, pendekeza fundi wa tatu mnayemkubali wote wawili. Kazi yake ni kukagua na kuandika, si kutengeneza. Aandike alichokikuta, apige picha, aweke jina na tarehe. Gharama yake iongeze kwenye madai.

Hatua ya 6: Jua unachotaka

Wengi huingia dukani wakitaka "haki" bila kusema kiasi. Chagua moja. Kurudiwa kazi bure kunafaa kama fundi ni mweledi na kosa ni la kipuri. Kurudishiwa pesa kunafaa kama ameshajaribu mara mbili, maana jaribio la tatu mara nyingi huishia kwenye ubao uliochomwa mpaka hautengenezeki tena popote. Fidia inafaa kama ameharibu kitu kilichokuwa kizima. Mkikubaliana kurudia kazi, wekeni tarehe ya mwisho na andikeni kwamba ikishindikana pesa inarudi.

Usiondoke na mashine kwa nguvu kama kuna deni ambalo fundi anadai kwa kazi iliyofanyika. Fundi ana haki ya kuishikilia mpaka alipwe kazi halali. Na usikimbilie polisi kwa kazi mbovu, watakuambia ni kesi ya madai. Ni tofauti kama namba za picha zako zinaonyesha RAM au diski imeondolewa ikawekwa nyingine bila idhini yako. Huo ni wizi, na polisi ndio mahali pake.

Hatua ya 7: Nje ya duka

Ngazi ya kwanza ni ya kijamii. Msimamizi wa jengo hapendi kelele mlangoni kwake, na fundi anayetegemea kibanda hicho anamheshimu. Mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji au mtaa, wa eneo la duka anaweza kuwakalisha, na mahakama za mabaraza ya mitaa, chini ya sheria ya 2006, husikiliza madeni na mikataba midogo. Kwa kazi ya shilingi laki moja, mimi ningeishia hapo. Nauli na siku za kazi zitakula hiyo laki kabla hujafika mbali.

Kama kipuri ni feki au cha hatari, betri inayovimba au chaja inayochoma, peleka taarifa Shirika la Viwango, UNBS. Wao wanashughulika na bidhaa sokoni. Usitegemee wakurudishie pesa.

Kwa kiasi kikubwa zaidi kuna utaratibu wa madai madogo, chini ya kanuni za 2011. Unashughulikia madai yasiyozidi shilingi milioni 10, na mawakili hawaruhusiwi kusimama kwa niaba ya upande wowote, kwa hiyo duka kubwa haliwezi kukutisha kwa suti. Unaanza kwa notisi ya madai inayompa mdaiwa siku 14 za kulipa. Taja tarehe ya kazi, kiasi ulicholipa, kilichotokea, unachodai na namba ya kukulipa, na hakikisha una uthibitisho kwamba ameipokea: nakala aliyoisaini, au mtu aliyeshuhudia ukimkabidhi. Siku zikipita kimya, nenda kwa karani wa mahakama ya eneo la biashara ya mdaiwa ukajaze fomu ya madai.

Lugha ya mahakama ni Kiingereza. Ujumbe wako wa WhatsApp wa Kiswahili ni ushahidi halali, lakini uchapishe, utafsiriwe, na umwambie karani mapema kama utahitaji mkalimani. Panga bahasha yako kwa mfuatano wa tarehe: picha za siku ya kwanza, makubaliano, malipo, ujumbe wa mashine kufa, maandishi ya fundi wa tatu, notisi. Hakimu ana kesi nyingine asubuhi hiyo na hajui chipu ni nini. Mweleze kwa dakika mbili, bila majina ya kiufundi, ulilipia nini na umepata nini. Lete pia kompyuta yenyewe, na chaja yake.

Muda wa kushtaki kwa mkataba ni miaka sita, lakini usiutegemee; simu hupotea na mazungumzo hufutika. Ukishinda na mdaiwa asilipe, rudi kwa karani yuleyule uombe hukumu itekelezwe. Mkisuluhishana njiani, andikeni kiasi, tarehe ya kulipa na nani anabaki na kipuri kibovu, wote wawili msaini, na usiandike "nimeridhika" kabla pesa haijaingia kwenye simu yako.